Chombo Kwenye Mgongo wa Kioo

Habari ilimkuta Sobi akisugua kioo cha mtu. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko, mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu goti lilimsumbua, kioo kimelala mapajani, na kidole chake cha kati amekizungushia kitambaa kibichi alichokichovya kwenye majivu laini. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Unasugua, unafuta, unatazama, unasugua tena, mpaka uso wako uanze kuchungulia kutoka ndani ya shaba kama mtu anayepanda kutoka kisimani. Alikuwa amefika pale pa kuona nyusi zake mwenyewe, ndipo Chilbok mchuuzi wa chumvi alipoingia uani bila kupiga hodi, akatua mzigo wake, na asitaje bei.

"Mama Mandol," alisema, "kiweke kwanza chini hicho kioo."

Haya yalitokea Koryo, nchi ambayo siku hizi watu huiita Korea, katika kijiji cha wafua shaba kilichoitwa Soegol, enzi ambazo mgongo wa kioo ulikuwa mtupu. Vioo vya siku hizo havikuwa vyembamba vya kuvunjika kama hivi vyetu. Vilikuwa visahani vizito vya shaba iliyochanganywa na bati. Upande mmoja ulisuguliwa hadi mtu akajiona, na upande wa pili uliachwa vilevile ulivyotoka kwenye udongo, mweusi, mkavu, hauna kitu ila kifundo kimoja katikati chenye tundu la kupitisha uzi. Hakuna aliyefikiria kuuchora. Nani anapamba kitako cha sufuria?

Kila nyumba ilikuwa na kioo chake kimoja, na kioo kilikuwa na mwiko wake. Watu wa Soegol waliamini kwamba kioo hakisahau. Uso wa kila aliyewahi kujitazama humo umebaki ndani, umelala. Kwa hiyo mtu wa nyumba akisafiri majini, kioo kiliegemezwa kifudifudi kwenye ubao wa ukutani, mgongo ukitazama watu, na hakuna aliyekiinua mpaka msafiri arudi na kujitazama yeye wa kwanza. Mwingine akimtangulia, uso wake utaufunika wa msafiri, na yule aliye majini atakosa kitu cha kumvuta nyumbani. Na mtu akifa, kioo kilizikwa naye kifuani, uso kwa uso. Kama mwili haukupatikana, kioo kilizikwa peke yake pamoja na nguo za marehemu, na hapo mambo yakaisha.

Kioo cha nyumba ya Sobi kilikuwa kimelala kifudifudi tangu mwanzo wa majira ya kuchipua. Wanawe wote wawili walikuwa majini. Mandol, mkubwa, mwenye mke na mtoto, alipangiwa zamu ya kupiga makasia kwenye chombo kilichopeleka mchele wa kodi mji mkuu. Gapsoe, mdogo, hakupangiwa. Alikwenda kwa sababu hajawahi kuona mji mkuu, na kwa sababu kaka yake alimcheka kwamba atatapika kabla hawajakipita kisiwa cha kwanza. Sobi aliwafungia mtama uliokaangwa na figili zilizotiwa chumvi, akawaambia wasilale na nguo mbichi, akarudi jikoni. Hakuwasindikiza hadi ufukweni. Kulikuwa na vioo vya kusugua.

Chilbok alieleza alichokiona, naye hakuwa mtu wa kupamba. Chombo kiligonga mwamba kwenye mlangobahari ule ambao mabaharia hupunguza sauti wakiupita. Kilipasuka katikati. Magunia yalifumuka, na bahari ikawa nyeupe kwa mchele kutoka mwamba hadi mwamba, na shakwe walikuwa wengi kiasi kwamba mtu hakuweza kusikia anachoambiwa. Mbao zilitupwa pwani, na makasia, na kofia moja ya majani. Je, watu? Chilbok alitazama mzigo wake wa chumvi. Alisema alikaa pale ufukweni mpaka chakula chake kikaisha, na hakuona mtu akitoka, si mzima wala maiti.

Sobi alimshukuru, akamuuliza kama ameshakula. Kisha akakichukua kile kioo cha mtu, akamalizia nyusi, akamalizia paji la uso, akakifuta, akakifunga kwenye kitambaa chake. Kazi ya watu ni kazi ya watu. Alipomaliza ndipo alipoingia ndani kumwambia mkazamwana wake, Okdan, kwamba huenda hana mume.

Nyumba hiyo ilikuwa na mkubwa kuliko Sobi, naye ni mama mkwe wake, Bibi Maksun, mama wa marehemu mumewe. Macho ya Bibi Maksun yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe, akawa anatambua mchana na usiku tu, lakini ulimi wake ulikuwa unaona vizuri. Aliisikiliza habari yote hadi mwisho. Alilia kilio kifupi cha mtu aliyezika wengi. Kisha akasema kioo kizikwe mwezi utakapoandama, na mzee wa kijiji, alipokuja kutoa pole, akakubaliana naye. Hawakuwa watu wabaya. Walisema kweli waliyorithi: mtu asiyezikwa huzunguka na njaa, anabisha milango ya wageni, na kadiri unavyochelewa ndivyo anavyosahau jina lake.

Sobi hakubisha mbele yao. Hakuwa na ushahidi. Lakini kila jioni aliendelea kupakua bakuli mbili za ziada, akazifunika kwa kitambaa na kuziweka kwenye upande wa sakafu wenye joto, pale moshi wa jiko unapopita chini, kama wanavyofanya watu wa huko kwa ajili ya mtu aliye njiani. Asubuhi aliukwangua ule mtama uliokauka akaula yeye mwenyewe na maji. Bibi Maksun aliisikia sauti ya kijiko kila asubuhi, mpaka siku moja akasema, kwa upole kabisa, kwamba asiyekuwepo na lake halipo, na kwamba mtoto Bun anahitaji ule mtama kuliko sakafu.

Bun alikuwa binti wa Mandol, wa umri wa kung'oka meno ya mbele. Yeye ndiye aliyemuuliza Sobi, bibi yake, siku hizohizo, swali ambalo wakubwa hawakulifikiria. Aliuliza, ikiwa baba yake na baba mdogo wamo ndani ya kioo, mbona wamelazwa wakitazama ubao, na huku nyuma hakuna kitu? Wakiwa kaburini watakuwa wanatazama nini?

Sobi alimwambia akachote maji. Lakini swali lilimganda. Alikuwa amekipa kioo kile kisogo miezi yote hiyo, akakaa chini yake akipika na kufua, na kila alipoinua macho aliona duara jeusi tupu, kama mdomo wa kisima kilichokauka. Na sasa kikiingia ardhini, hata hilo duara halitakuwepo. Kuzika kioo ni kusema wamekufa. Yeye hakuwa tayari kusema hivyo, na hakuwa na nguvu ya kusema kinyume chake. Alichotaka ni kitu kidogo tu: kisizikwe.

Kulikuwa na njia moja. Kioo kilichozikwa kilitakiwa kiwe na uso wa marehemu ndani yake. Kioo kipya, ambacho hakijatazamwa na mtu, hakimfai maiti. Ni bamba la shaba tu, na hakuna atakayehangaika kulifukia. Basi kama kile cha zamani kitayeyushwa na kumiminwa upya, uso wake utakuwa mpya, hakuna wa kukidai. Nao walio ndani yake watakwenda wapi? Sobi alijiambia watabaki mle mle ndani ya shaba, maana shaba ni ileile. Alijiambia hivyo kama mtu anayejiambia kwamba kuni zitatosha.

Tanuri la marehemu mumewe lilikuwa bado nyuma ya nyumba, Mandol alilirithi. Siku mbili tatu kabla ya mwezi kuandama, Sobi alimchukua Okdan wakaliwasha. Okdan hakuuliza mengi. Alishika mivukuto akavuta na kusukuma, machozi na jasho yakichuruzika pamoja, na akasema mara moja tu kwamba bibi atakasirika. Sobi akamjibu kwamba bibi amekasirika tangu harusi yake yeye Sobi, na nyumba haijaanguka.

Ilibaki kalibu, yaani lile umbo la udongo linalomiminiwa shaba. Kalibu ya mgongo wa kioo ilikuwa kazi rahisi kuliko zote, udongo ulionyooshwa na shimo la kifundo katikati, basi. Sobi aliutengeneza. Kisha akachukua kijiti cha kushonea mikeka, na juu ya udongo ule laini akafanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mtu Soegol. Alichora chombo. Alikichora na mlingoti na tanga, na ndani yake watu wawili, mmoja mrefu na mmoja aliyekaa ameinama, maana kama kuna atakayetapika ni Gapsoe. Akachora mawimbi. Alianza na machache, kisha akaona kila alipoacha mahali patupu panatisha, akaendelea kuchora wimbi juu ya wimbi mpaka ukingoni. Pwani hakuichora. Haikubaki nafasi, na hata ingebaki, hakujua pwani yao ni ipi.

Jambo moja alilijua na alilifanya kwa makusudi. Ubao wa kioo ulikuwa kwenye ukuta wa kaskazini. Ukisimama mbele yake, bahari iko kushoto kwako na mlango wa nyumba uko kulia. Basi Sobi alikielekeza chombo kulia. Omo yake, ile ncha ya mbele, aliielekeza mlangoni, na watu wale wawili akawageuza huko pia. Chombo kiwe kinarudi.

Udongo ulihitaji kukauka zaidi, naye alijua. Lakini mwezi ulikuwa haungoji. Aliuchoma kabla ya wakati, akakishusha kioo kile cha zamani ubaoni bila kukigeuza, macho ameyafumba, akakiingiza kwenye chungu cha kuyeyushia. Shaba ilipoyeyuka, Okdan aliacha mivukuto. Waliitazama ikitulia. Haikupiga kelele yoyote, wala hakuna sura iliyoinuka juu yake, wala jina lililotamkwa. Ilikuwa uji mwekundu. Sobi aliutazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akaumimina.

Alipovunja udongo asubuhi, alikiweka kioo juu ya magoti na kukipangusa masizi kwa kidole. Mawimbi yalikuwepo. Tanga lilikuwepo. Watu wawili walikuwepo, mrefu na aliyeinama, wazuri kuliko alivyodhani mkono wake unaweza. Na chombo kilikuwa kinaelekea kushoto.

Alikigeuza juu chini, chombo kikapinduka. Akakirudisha. Kushoto. Hapo ndipo alipoelewa. Maisha yake yote alikuwa amekaa na vioo. Alijua kuliko mtu yeyote kwamba kushoto kwako ni kulia kwa yule aliye ndani. Lakini kalibu za Soegol hazikuwahi kuwa na picha. Kitu kitupu ukikigeuza kinabaki kitupu, kwa hiyo mumewe, na baba wa mumewe, na kijiji kizima, hawakuwahi kuwa na sababu ya kujua kwamba udongo nao unageuza mambo. Alichora wanaorudi, shaba ikawatoa wanaondoka.

Tena hilo halikuwa peke yake. Kwa sababu ya haraka, kalibu ilikuwa imepasuka motoni, shaba ikaingia kwenye ufa ikagandia humo. Mbele ya chombo, kati ya mawimbi, ulikuwa umeinuka mkunjo mrefu uliopindapinda, mnene upande mmoja. Bun alipouona alisema ni joka, limetoka majini kuwapokea. Sobi akasema ni ufa.

Okdan ndiye aliyelitafutia dawa lile kosa la kwanza. Alisimama katikati ya chumba akiwa na kioo mkononi, akageuka huku na huku, kisha akasema wauhamishie ubao ukuta wa kusini. Pale bahari itakuwa kulia na mlango kushoto, na chombo kitakuwa kinarudi bila kumimina upya. Alikuwa na akili msichana yule, na mara ya kwanza tangu siku ya Chilbok uso wake ulikuwa na damu. Alikwishashika ubao.

"Tukihamisha ubao, mwanangu," Sobi alisema, "tutakuwa tumehamisha ubao."

Okdan aliuachia. Akakaa chini palepale, akajifunika uso kwa mikono, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Ikabaki kumwambia Bibi Maksun, na hilo halikungoja, maana kikongwe alikuwa amesikia harufu ya tanuri tangu juzi na amesikia ubao ukiguswa. Alikaa kwenye mkeka wake, mkono umenyooshwa. Sobi akamweleza yote bila kujitetea. Kwamba kile cha zamani hakipo tena. Kwamba hakuna cha kuzika. Bibi Maksun alisema, basi vijana wale hawana kaburi na hawana kioo, na aliyewaondolea vyote viwili ni mama yao. Sobi alisema ndiyo. Hilo alikuwa amelifikiria tangu shaba ilipotulia chunguni bila kutoa sauti.

Kisha akakiweka kioo mkononi mwa yule mzee, kwa kuwa mkono ulikuwa bado umenyooshwa na hakujua la kuufanyia.

Kwa Bibi Maksun vioo vilikuwa vimekwisha miaka mingi. Upande wa uso, ambao ulikuwa bado haujasuguliwa, haukumpa kitu, ulikuwa baridi na mtupu. Lakini vidole vyake vilipofika mgongoni vilisimama. Vikaanza kutembea. Vilipita juu ya mawimbi, vikapanda mlingoti, vikashuka na tanga, vikamkuta yule mrefu na kukaa juu yake kidogo. Vikamkuta yule aliyeinama. Bibi alitoa sauti ndogo puani, karibu iwe kicheko, maana ni yeye aliyemlea Gapsoe na tumbo lake. Nyumba nzima ilitazama vidole. Ndipo alipouliza swali moja.

"Wanaenda au wanarudi?"

Sobi aliwaona Okdan na Bun wakimgeukia. Mzee yule hakuweza kuona ukuta wala mlango. Hakujua kushoto ni upande gani wa nyumba tangu utando ulipomfunika. Neno lolote angeambiwa angelichukua. Lingekuwa neno jepesi, na lingemlaza usingizi mwema mpaka siku yake ya mwisho, na huenda lingewalaza wote. Sobi alilitafuta kinywani, likawa halimo.

"Wanaenda, mama."

Bibi Maksun alitikisa kichwa polepole. Akapitisha kidole mara moja zaidi, kutoka kwa yule mrefu hadi kwenye omo, na kutoka omo hadi ukingoni, akitafuta pwani. Hakuikuta. Akamrudishia Sobi kioo na kumwambia akiweke ubaoni, kifudifudi, mgongo ukitazama watu.

Na tangu siku hiyo mgongo wa kioo cha shaba haujawa mtupu. Majirani walikuja kutazama, na kila mwenye wake aliyempotea aliomba achorewe. Wengine waliomba samaki wawili wanaofuatana, kwa sababu hawatengani. Wengine waliomba korongo wa maisha marefu, wengine mti wa mwezini na sungura anayetwanga chini yake. Vioo vya chombo vikawa vingi kuliko wafua shaba waliojua habari yake. Walikandamiza kioo kimoja kwenye udongo mbichi wakamimina kingine, ufa ukaigwa pamoja na mawimbi, ukaongezewa magamba na ndevu, na watu wa mji mkuu wakasema ni joka linalowaongoza wasafiri. Sobi alipoulizwa alisema ni ufa, kisha akaacha kusema. Chombo hakikupata pwani hata kwenye kioo kimoja. Na vioo hivyo navyo, kwa kuwa vilizoeleka, watu walianza tena kuzikwa navyo. Hata leo vikifukuliwa, ule uso uliosuguliwa kwa jasho umeliwa na kutu ya kijani, hauonyeshi mtu. Mgongo ndio uliobaki.

Hayo yalikuja baadaye. Jioni ile yenyewe Sobi alirudi jikoni kwa sababu kulikuwa kunaingia giza na hakuna aliyekuwa amekula. Alipika mtama, akachemsha figili na mwani. Alipopakua, mkono wake uliingia kwenye kapu la vyombo kama ulivyozoea, ukatoka na bakuli zote. Akazitazama. Mbili akazirudisha, akazigeuza kifudifudi. Aliweka ya Bibi Maksun kwanza, kisha ya Okdan ambaye macho yalikuwa yamemvimba, kisha ya Bun, akaiongezea, kisha yake. Alitazama mkeka kutoka pembe hadi pembe kama afanyavyo kila mama kabla hajakaa. Bibi. Okdan. Bun. Yeye. Hakuna aliyekuwa nje.

Akafunga mlango, wakala.